Kasereka wa Mombasa

Kontena linapofunguliwa Butembo, kabla mtu hajaona kilichomo, harufu hutangulia kutoka. Ni joto la siku nyingi lililofungiwa ndani, mpira wa kandambili mpya, nguo zenye dawa ya nondo, na nyuma ya hayo yote kitu kama chumvi iliyoshika kutu. Biashara ndiyo maisha yangu, na vijana wanaonipakulia mizigo wameshazoea kuniona nikirudi nyuma kidogo kila mlango unapofunguka, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Wanadhani naogopa panya. Waache wadhani hivyo. Harufu ile hunipeleka Mombasa, kwenye Noeli moja ya utoto wangu, na sipendi kufika huko nikiwa nimezungukwa na watu.

Ili nieleweke, lazima nianze na majina. Kwetu sisi Wanande, watu wa Butembo, mzazi hasumbuki kutafuta jina la mtoto, jina ndilo linalomngoja mtoto. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule, na hesabu inaendelea hivyo mpaka tumbo lichoke. Nimesema tumbo makusudi, kwa maana hesabu hufuata tumbo la mama. Mume akiwa na wake wawili, kila mmoja atakuwa na Paluku wake na Kambale wake, na hakuna atakayewachanganya. Mimi nilizaliwa baada ya kaka wawili, kwa hiyo ni Kahindo, msichana anayekuja baada ya wavulana. Anayenisikia nikiitwa hahitaji kuniuliza nimewafuata akina nani.

Kwa sababu hiyo, nyumbani kwetu Kasereka alikuwapo kabla ya kuzaliwa. Mama alikuwa akimtaja kila siku. Nguo iliyombana Kambale haikutolewa kwa jirani, iliwekwa kwa ajili ya Kasereka. Nikikataa kubeba maji niliambiwa kwamba Kasereka akifika nitambeba yeye, na yeye atakuwa mzito kuliko ndoo. Nilijizoeza kwa kufunga mfuko wa maharage mgongoni na kuuimbia. Siku moja nilimwuliza nyanya, mama yake baba, huyu Kasereka anafika lini. Nyanya akajibu, “Papa yako akirudi.” Wanawake waliokuwa wakichambua maharage pamoja naye wakacheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Baba alikuwa Mombasa, na kila kitu kizuri nyumbani kwetu kilitoka Mombasa: beseni, baiskeli, viatu vyangu, redio ya nyanya. Basi nikajua na Kasereka yuko huko, anangoja zamu yake.

Wafanyabiashara kadhaa wa mtaa wetu walikuwa wamemchagua baba akae Mombasa awafuatie mizigo yao bandarini, kwa maana mzigo usio na mwenyewe huoza au hupata mwenyewe mwingine. Mwanzoni alikuwa akirudi kila baada ya miezi michache, akiwa mweusi zaidi na mwenye hadithi nyingi. Halafu mizigo ikaanza kufika bila yeye. Sokoni, mama alikouza bikwembe, yaani vitenge, wanawake wenzake walishusha sauti alipopita. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Majilio, majuma ya kuingojea Noeli, yalipoanza, mama aliwapeleka kaka zangu kwa nyanya, akaniambia nifue nguo zangu mbili nzuri, tunasafiri.

Tuliondoka asubuhi ya ukungu, moshi wa mikaratusi ukiwa bado umelala juu ya mabati. Nilivaa tiriko jipya jekundu, sweta langu la Noeli. Kwenye kila bariera askari aliingiza kichwa dirishani na kutusalimu kwa Kilingala, na mama alijibu kwa tabasamu lililokwisha mara basi lilipoondoka. Tulipoipita Beni na kushika barabara ya Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, abiria wengine wakiwa wamesinzia, aliniambia tunakwenda kufanya nini.

“Tunaenda kumurudisha papa,” alisema. “Kama anakatala, weye ulie. Ulie sana.”

Aliongeza kicheko kidogo, lakini mimi niliipokea kazi hiyo kwa moyo wote. Uganda nzima niliipita nikijizoeza kulia kimoyomoyo. Sikumwuliza habari za Kasereka, kwa kuwa niliona ni jambo lililo wazi: tukimpata baba, tumewapata wote wawili.

Watu wakisimulia Mombasa huanza na bahari na minazi. Mimi kilichonipokea ni joto. Nilishuka kwenye basi nikadhani tumeegesha karibu na tanuri la matofali, nikageuka kulitafuta. Mama alikuwa amenisihi tangu Nairobi nivue tiriko, nami nimekataa kwa sababu nilitaka baba alione. Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua kwamba mtu anaweza kutoka jasho, nyuma ya magoti, ndani ya masikio. Hewa yenyewe ilikuwa nzito na ilinuka samaki, nazi, na mafuta ya gari. Kisha nikasikia watu wakiongea, nikachanganyikiwa kabisa. Kwetu kuna Kiswahili cha nyumbani na sokoni, na kuna kile cha kanisani anachosomea padri Injili, ambacho hakuna anayekitumia kununulia sombe, majani ya muhogo. Hapa muuza machungwa alikuwa akinadi kama anasoma Waraka kwa Wakorintho, na watoto wawili waliogombea mpira walitukanana kwa lugha ya misa. Nilimwuliza mama kama hawa wote ni mapadri. Ni mara ya mwisho nakumbuka kumwona akicheka katika safari ile.

Baba, aliyekuwa amepelekewa habari ya kuja kwetu, alitukuta pale pale kituoni. Alikuwa amenenepa, amevaa kikoi, ananukia mafuta ya nazi. Alininyanyua na tiriko langu lililolowa, akanikumbatia mpaka nikashindwa kupumua, na nilipomtazama alikuwa analia. Nilimpenda sana saa ile. Nikajiambia kazi yangu imekwisha kabla ya kuanza, kwa maana mtu anayekulilia hivi hawezi kukataa kurudi nawe.

Alitutembeza. Kwenye dirisha la duka moja kubwa walikuwa wamebandika pamba, baba akasema ni theluji, theluji ni ya Noeli. Theluji mimi niliijua. Inakaa juu ya Ruwenzori, na siku ya anga safi ukiwa Beni unaiona kwa mbali, nyeupe, mali ya Mungu. Nilishangaa watu wa joto la namna hii wameitoa wapi, na kwa nini wameileta mahali ambapo yule mzee wa kofia nyekundu aliyesimama mlangoni alikuwa anatiririka jasho hata gundi ya ndevu zake ikaachia. Jioni adhana ilipanda wakati kwaya ya kanisa jirani ikifanya mazoezi ya nyimbo za Noeli, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize. Kwetu saa hiyo milango ingekuwa imeshafungwa na watu wamejikunyata kando ya moto. Huku ndiyo kwanza walikuwa wanatoa viti nje. Ufukweni nilichovya kidole majini nikaonja, nikamwuliza baba ni nani amemwaga chumvi yote hii wakati mama anaipima kwa kijiko. Baba alicheka mpaka akakaa mchangani. Mama alisimama nyuma yetu ameshika viatu vyake mkononi. Alikuwa hatazami bahari, anamtazama baba.

Chumba alichotupeleka kilikuwa Changamwe, katika nyumba yenye vyumba vingi na bomba moja. Alisema ndicho anachoishi. Mama alitaka kuchemsha maji, akaomba kiberiti. Baba akapapasa juu ya kabati, akainama chini ya kitanda, akafunua sufuria moja baada ya nyingine, mwisho akatoka kwenda kuomba kwa jirani. Mama alikaa kitandani akamtazama mtu anayetafuta kiberiti katika nyumba yake mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama. Baadaye baba alieleza kwamba sikukuu zikikaribia wezi ni wengi bandarini, hivyo itambidi alale karibu na mizigo. Akaaga. Asubuhi alirudi na mahamri na mbaazi za nazi, akiwa ameoga, na shati lake limepigwa pasi. Nilikula, na mama hakuuliza shati limepigiwa pasi wapi.

Siku ya Noeli alipendekeza tusali kwenye kigango kidogo cha jirani, padri wake hana maneno mengi. Mama akasema yeye hakuvuka Uganda yote na Kenya yote kuja kusali misa ya haraka, anataka kanisa kubwa. Walibishana kidogo kwa Kinande, kwa adabu, kama watu wanaobishana nani atangulie kupita mlangoni. Mama akashinda. Tukaenda kanisa kubwa, mimi na tiriko langu, mapanga ya feni yakizunguka juu ya vichwa vyetu bila kumsaidia mtu yeyote. Pango la Noeli walikuwa wamelijenga kwa makuti. Misa ilipokwisha watoto wakaitwa mbele kumsalimu Mtoto Yesu, nikaenda kupanga mstari, na baba na mama wakanisubiri karibu na mlango.

Sauti ya mwanamke ikasema kando yangu, “Kasereka, mwachie Mtoto Yesu mguu.”

Niligeuka. Mtoto mnene aliyeanza kutembea si zamani alikuwa ameushika mguu wa sanamu, anauvuta kwa nguvu zake zote, na mama yake amechutama akimbembeleza huku akicheka. Leo naweza kueleza mengi ambayo msichana mwingine angeyafikiri. Mimi sikufikiri lolote. Nilisikia furaha tu, ile ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu na kitu kimefika. Papa yuko Mombasa, Kasereka yuko Mombasa, nyanya alikuwa ameniambia kweli. Nilimwuliza yule mwanamke kama huyu ni Kasereka, akasema ndiye. Nikamwambia mimi ni Kahindo, nikangoja afurahi, lakini jina langu halikumwambia kitu. Basi nikainama kama tunavyoinama kwetu, na mtoto, ambaye hakuwa mchaguzi, akanipanda mgongoni. Alikuwa mzito kweli. Nikampeleka mpaka mlangoni nikiwa nimejipinda, nikipishana na watu.

“Mama, Kasereka alishafika,” nikasema. “Papa alikuwa naye huku.”

Mama alimtoa mtoto mgongoni kwangu, akamweka kiunoni, akamtazama masikio, akamfungua ngumi na kumtazama vidole. Mtoto akaikamata rozari ya mama. Wakati huo mama wa mtoto alikuwa ameshatufikia, bado ana kicheko usoni, na alipomwona baba kicheko kikaongezeka.

“Baba Kasereka! Si ulisema uko bandarini?”

Baba aliangalia viatu vyake. Watu walikuwa wanatoka, wanatupita kushoto na kulia, wanatakiana heri. Mama akamwuliza mwanamke yule swali moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoulizia bei.

“Huyu ni mutoto yako wa ngapi?”

“Wangu wa kwanza,” yule mwanamke akasema kwa fahari.

Nilimwona mama akifumba macho. Mpwani hawezi kujua amejibu nini. Kwa mtu wa kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume anayeitwa Kasereka ni nyumba iliyojengwa kuanzia paa. Jina lile halikuanzia katika tumbo la mwanamke yule. Kuna mtu aliyeanza kuhesabu mahali pengine, kwenye tumbo la mwanamke mwingine, Paluku, Kambale, akavuka mipaka yote na hesabu yake mdomoni, akaja kuimalizia hapa.

Yule mwanamke alianza kuona kwamba kuna kitu. Akauliza dada huyu ni nani. Baba aliendelea kuangalia viatu vyake, hivyo nikamsaidia. Nilisema huyu ni mama, na huyu ni papa, na kaka zangu wamebaki Butembo. Nilisema vizuri, kwa Kiswahili cha kanisani, ili aelewe.

Jina la mwanamke yule lilikuwa Kadzo. Kilichofuata wengine hawataamini, lakini hawamjui mama yangu. Alimrudishia mtoto wake taratibu, akamtengeneza kola, akasema, “Twende kwako. Nataka kuona kwenye analalaka.”

Tulikwenda. Chumba cha Kadzo kilikuwa na pazia la maua, kitanda, na mashati ya baba kwenye misumari, yote yamepigwa pasi. Alikuwa amepika tangu alfajiri, wali wa nazi na kuku, na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akija na msiba, alitaka kutupashia. Alipapasa mezani, akakosa kiberiti. Baba, bila kuangalia, alinyoosha mkono juu ya fremu ya mlango akakichukua. Nadhani ni mkono ule, zaidi ya mtoto, uliomaliza maneno yote. Tulikula. Watu wazima waligusagusa, mimi na Kasereka tukala mpaka tukashiba, na ninaona uchungu kusema kwamba sijala tena wali mtamu kama ule.

Baadaye wanawake wawili walikaa uani kuosha vyombo, mmoja akisugua, mwingine akisuuza. Nilikuwa karibu nao, nikimtembeza Kasereka kwa vidole vyake viwili. Kadzo alikuwa analia bila sauti. Alisema baba alimwambia hana mke, na kwamba Kasereka ni jina la ukoo wao.

“Naapa, dada, sikujua.”

“Miye nilijua,” mama akasema. “Jina tu ndiyo sikujua.”

Aliyasema hayo bila ukali, akampokonya sufuria akaimalizia yeye. Kisha akakausha mikono, akamfuata baba aliyekuwa ameketi kwenye ngazi, na pale ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akimwambia baba jambo bila kuzunguka.

“Ungemuita Paluku, ningenyamaza. Banaume banazaaka huku na huku, hatuko ba kwanza. Lakini umekamata Kasereka. Ule nilikuwa namungoja miye.”

Baba alisema hakupanga. Alisema mtoto alipozaliwa nesi alikuja na kuuliza jina, na yeye alikuwa amesimama kwenye korido ya watu asiowajua, hana ndugu wala rafiki wa kumwambia kwamba amepata mtoto. “Mudomo ikahesabu yenyewe,” alisema. “Nilikuwa na hamu ya nyumbani.”

Mama akamwambia kama ni hamu, basi arudi. Baba akageuka kuutazama mlango wa Kadzo.

Hapo nikakumbuka kazi yangu. Nilianza kulia kwa makusudi, kwa sauti niliyoizoeza njia nzima, na mara nikaona siwezi kuacha. Kilio cha kuigiza kilikuwa kimefungua mlango wa kile cha kweli. Kasereka aliponiona naye akaangua kilio, mdomo wazi, mikono juu. Baba akainuka upesi kwenye ngazi, akapita karibu yangu, akambeba yeye.

Sikumchukia mtoto. Nasema hivi kwa kuwa watu hudhani ningemchukia. Alikuwa mdogo, alikuwa karibu, mkono wa mzazi huenda kwa anayelia akiwa chini. Lakini mama aliona, na nilijua kwamba ameona, kwa sababu alikwenda moja kwa moja kuchukua kikwembe chake alichokuwa amekitundika kwenye kamba kabla ya kuosha vyombo. Kesho yake tulipanda basi. Baba alitusindikiza, akasema mizigo ikitoka bandarini atafuata. Mama alimshukuru kwa Kinande, wasingya, kama unavyomshukuru mtu aliyekushikia mzigo. Tiriko langu nililivaa tena tulipokaribia Kasindi, na hakuna aliyekuwa amelisifu.

Nimelitafakari kosa la baba kwa miaka mingi, na kila umri umenipa jibu lake. Nilipokuwa msichana mkubwa nilisema amemwibia mama mtoto ambaye hajazaliwa. Nilipoanza na mimi kusafiri, kulala peke yangu katika vyumba vya kupanga vya miji ya watu, nikaanza kuona upande mwingine. Mwanamume aliyetusahau angetoa jina lolote, la mtakatifu wa siku ile, la daktari. Yeye alitoa lile linalofuata. Kwa hiyo katika siku ileile aliyotusaliti kuliko zote alikuwa anatuhesabu. Jambo hili halinifariji. Linaniudhi tu kwa namna mbili badala ya moja.

Alirudi. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza, barabara ya Butembo imekuwa uji, na alishuka kwenye basi na begi moja dogo, bila zawadi ya mtu yeyote. Kaka zangu walimrukia. Nyanya alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mimi nilipanda kwenye basi kabla halijaondoka nikakagua viti, kimoja kimoja, mpaka kondakta akaniuliza nimepoteza nini. Nilipomwuliza baba Kasereka yuko wapi, aliniweka kiganja mdomoni. Hakunipiga, aliniziba tu, na kiganja chake kilikuwa baridi. Tangu siku ile jina hilo halikutajwa nyumbani kwetu, hata kwa nguo zilizombana Kambale. Nilikuwa nimesali kila jioni baba arudi. Nilianza kuelewa, kwa akili ndogo niliyokuwa nayo, kwamba kuna mtoto mwingine ambaye sala yangu imemwachia misumari mitupu ukutani. Niliacha kusali kwa muda, na hakuna aliyegundua.

Kisha mama akapata mimba, na watu wote wakafurahi, kwa sababu ndoa iliyopona hupenda kuonekana. Alijifungua mvulana. Wanawake wa ukoo walijaa chumbani na supu na maji ya moto, na wanaume wakakaa uani na baba, wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kumpongeza. Nyanya alimpokea mtoto, akamwinua, akasema hatimaye Kasereka amefika.

“Huyu ni Kakule,” mama akasema.

Nyanya alidhani uchovu umemchanganya. Akamhesabia kwa upole, kwa vidole: Paluku, Kambale, halafu Kasereka. Mama akasema anajua kuhesabu. Kwetu watoto waliokufa huhesabiwa pamoja na walio hai, jina lao haliazimwi, kwa hiyo wanawake wale walielewa kitu kimoja tu: kwamba alizaa mtoto wa tatu wakati fulani, akamzika, na hakuwaambia. Nyanya akaanza kulia. Mwingine akamshika mama mkono, akamwuliza kwa nini aliubeba msiba mkubwa hivi peke yake. Mama hakuwasahihisha. Alimgeuzia Kakule ziwa la pili, akawaacha waende kutoa habari nje.

Nilitoka nao. Wazee walipoambiwa, waliweka chini vikombe vyao mmoja baada ya mwingine. Kaka mkubwa wa baba, aliyekuwa amemsimamia siku ya ndoa yake, aliinuka akavua kofia, akamshika baba bega kwa mikono yote miwili, akampa pole kwa ajili ya Kasereka, mtoto waliyempoteza. Wengine wakasimama nyuma yake wakingoja zamu yao ya kutoa pole. Baba aliwatazama wote, kisha akatazama mlango wa chumba alimokuwa mama. Angeweza kuinamisha kichwa na kuzipokea pole zile, na kila kitu kingeishia hapo. Nilimwona akitaka kufanya hivyo. Kichwa kilianza kuinama.

“Hakufa,” akasema. “Miye ndiye nilimuacha.”